Walidhani ni risasi: mafua ya ndege yalipowaingilia kondori wa Arizona

Tarehe 9 Machi 2023, walinzi wa kondori, ndege wala mizoga, kaskazini mwa jimbo la Arizona, Marekani, walimwona ndege mmoja amezubaa kama mtu aliyekesha msibani. Wakahisi ni risasi. Siku zilizofuata wakaonekana na wengine: huyu kichwa kimeinama upande, yule anatembea kwa kuzunguka palepale, mwingine hashtuki hata mtu akisogea. Bado wakahisi ni risasi.

Asije mtu akawacheka. Kwa ndege huyu risasi ndiyo jibu la kwanza, na mara nyingi ndilo sahihi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa madini yenyewe na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na maradhi ya kondori yamekaa katikati ya maana hizo mbili. Mwindaji anaangusha mnyama, risasi inapasuka vipande mwilini, matumbo yanaachwa porini. Kondori anashuka kula, na chembe za madini zinaingia naye. Sumu ikikolea inalegeza njia ya chakula, ndege anakonda huku amekula, anashindwa kuruka, anaanguka. Takriban nusu ya vifo vya kondori wa porini ambavyo sababu yake imejulikana vimetokana na hiyo sumu. Ukiwa umefanya kazi miaka 20 na ndege wanaokufa kwa risasi, ukimwona mmoja amelegea, utafikiria nini?

Kwanza tumjue mgonjwa. Kondori wa Kalifornia ni tumbusi, ila tumbusi wa kupindukia: akikunjua mabawa anakaribia mita 3 kutoka ncha hadi ncha, kichwa kipara chenye rangi ya chungwa, na umri wake unaweza kufika miaka 60. Udhaifu wake uko kwenye uzazi. Anachelewa kuanza kutaga, miaka sita au zaidi, na akianza ni yai moja tu, na mara nyingi ni yai moja kwa miaka miwili. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 dunia nzima. Mwaka 1987 wa mwisho aliyekuwa porini alinaswa, wakawa 27, wote vizimbani. Kuanzia mwaka 1992 wakaanza kurudishwa porini kidogokidogo huko Kalifornia, na Desemba 1996 wakaachiliwa wa kwanza Arizona, kwenye majabali mekundu ya Vermilion Cliffs, si mbali na Grand Canyon. Mwisho wa mwaka 2022 hesabu ilikuwa 561, kati yao 347 porini. Kundi la Arizona na Utah, lililo chini ya uangalizi wa shirika la The Peregrine Fund, lilikuwa na ndege 116.

Kila mmoja wa hao 116 ana namba. Imebandikwa kwenye bawa, unaisoma kwa darubini ndege akiwa angani, na wengi wamefungwa kifaa cha kutuma mahali walipo. Wananaswa mara kwa mara, wanatolewa damu, wanapimwa risasi, wakikutwa nayo nyingi wanatibiwa na kurudishwa porini. Ni ndege wa mwituni wenye faili la kliniki.

Tarehe 20 Machi walinzi waliokota jike limekufa chini ya kiota chake. Mzoga ulipelekwa Ashland, Oregon, kwenye maabara ya serikali ya Marekani inayochunguza makosa ya jinai dhidi ya wanyamapori, kwa sababu kondori aliyekufa huweza kuwa kielelezo mahakamani. Tarehe 30 Machi jibu likatoka: mafua ya ndege, aina kali, H5N1.

Hesabu siku. Kutoka yule wa kwanza aliyezubaa hadi jibu la maabara ni siku 21. Vifo navyo vilikuja kuishia 21. Ni sadfa tu, lakini namba hiyo imenikaa kichwani.

Je, wangeweza kushuku mapema? Nadhani ndiyo, na nasema hivi nikijua ni rahisi kusema ukiwa umeketi. Kirusi hicho, cha ukoo uitwao 2.3.4.4b, kiligundulika Newfoundland, Kanada, Desemba 2021. Mwaka 2022 wote kilikuwa kikisambaa Marekani, na miongoni mwa waliokufa walikuwa tai wenye vichwa vyeupe, ndege ambao nao hawachagui mzoga. Bata mwitu na bata bukini wanaumwa, wanaanguka, wanakuwa chakula cha wala mizoga. Halafu Machi ni mwezi wa ndege wahamao kurudi kaskazini. Hakuna aliyeuona mzoga ulioleta balaa kwa kondori, lakini njia ilikuwa wazi mwaka mzima.

Ila ninapofika hapo, naikumbuka kazi yangu mwenyewe na ulimi unakuwa mzito. Mimi ni bwana mifugo wa vijijini, wa kuku hasa. Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja, nikamkuta mama wa nyumba anafagia uwanja, na kwenye beseni pana kuku wanne wamenyonyolewa.

“Hawa wamekufa lini, mama?”

“Usiku wa kuamkia leo, daktari. Ni kideri tu, si unajua msimu wake.”

Nilijua. Kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, kinaua kuku wetu kila mwaka, na chanjo yake ya tone la jicho inatakiwa irudiwe kila baada ya miezi mitatu, jambo ambalo nyumba nyingi hazilifanyi. Nikatikisa kichwa, nikaanza somo langu la chanjo. Nyuma ya mama, chini ya uchanja wa vyombo, paka alikuwa anavuta utumbo wa mmoja wa wale kuku. Unang’aa, mbichi kabisa, anautafuna kwa upande wa jino huku amefumba jicho moja. Nilimtazama na sikusema kitu. Huenda kweli kilikuwa kideri. Lakini kuku aliyekufa ghafla kwa kideri na aliyekufa kwa mafua makali ya ndege, kwa macho matupu hata profesa hawatofautishi. Wote wanaweza kuhara, wote wanaweza kupinda shingo, wote wanaweza kulala wazima na kuamka mizoga. Ni maabara inayotenganisha. Sikuchukua sampuli hata moja.

Kwa hiyo sina jiwe la kuwarushia watu wa Arizona. Ugonjwa mgeni uliingia ukiwa umevaa kanzu ya ugonjwa wa nyumbani, na mwenyeji akaukaribisha kwa jina la ndugu yake.

Baada ya jibu la tarehe 30 kazi ilibadilika. Ugumu wa kondori ni kwamba kinachowaua na kinachowalisha viko kwenye sahani moja. Si ndege wa kula peke yake: mmoja akizunguka juu ya mzoga, wengine wanamwona kwa mbali na kuja, na muda si mrefu wako wengi, wanasukumana, vichwa vimezama ndani ya mbavu za mnyama mmoja. Usiku wanalala pamoja kwenye kingo za majabali. Mgonjwa mmoja ana majirani wengi. Na huwezi kuwafungia ndani, kama tunavyoambiwa tuwafungie kuku; waliofungiwa ndani tulishawapata mwaka 1987, na ilichukua miaka mingi kuwatoa.

Walioonekana wagonjwa walinaswa na kupelekwa Phoenix, kwenye kituo cha tiba ya wanyamapori kiitwacho Liberty Wildlife. Wengine walikufa muda mfupi baada ya kufika, wanne wakapona. Kwa mafua makali ya ndege, wanne si haba. Kwa H5N1 katika banda la kuku hakuna kuhesabu waliopona. Unahesabu mashimo ya kuzikia.

Wengine walikufa hukohuko majabalini, kwenye makorongo ambako kuokota mzoga ni safari ya siku nzima. Ndani ya Aprili vifo vikasimama. Jumla 21, kati yao 13 walithibitishwa na maabara kuwa na kirusi. Kundi la 116 likabaki 95. Ukifanya hesabu ni asilimia 18, na hiyo asilimia haisemi yote, kwa sababu miongoni mwa waliokufa walikuwamo waliokwisha kuoana na kushika viota. Kifaranga anayezaliwa leo kuziba pengo la mmoja wao ataanza kutaga baada ya miaka sita au zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ninaloona ndilo kiini cha kisa hiki, na ambalo magazeti yalilipita mbio ili yafike kwenye chanjo. Hebu fikiria ndege hawa wangekuwa tumbusi wa kawaida, wasio na namba. Angekufa mmoja, wangekufa kumi, wala mizoga wengine wangesafisha, na mwaka ambao ungefuata mtu angesema mbona siku hizi siwaoni. Vifo 21 vilijulikana kuwa 21 kwa sababu kila ndege alikuwa anatafutwa kwa namba yake. Na mitego iliyowanasa wagonjwa ilijengwa kwa ajili ya risasi. Mikono iliyojua kumshika kondori bila kumvunja bawa ilifunzwa na risasi. Ule ugonjwa wa zamani uliowapoteza njia siku 21 ndio huohuo uliowapa vifaa. Sijui kama nicheke.

Chanjo ilikuja vifo vikiwa vimekwisha kukoma, lakini kisa chake kinastahili kusimuliwa. Marekani ilikuwa haijawahi kuruhusu ndege yeyote achanjwe dhidi ya kirusi hiki, japokuwa mamilioni ya kuku na batamzinga walikuwa wanauliwa kuzuia maambukizi. Sababu kubwa ni biashara. Kuku aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi bila kuonyesha dalili, na nchi nyingi zinakataa nyama kutoka kunakochanjwa. Ufaransa ilipoanza kuchanja bata wake Oktoba 2023, Marekani hiyohiyo iliweka vikwazo kwa ndege na bidhaa zao kutoka huko. Lakini kondori hauzwi sokoni. Mei 2023 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatoa ruhusa ya dharura, ikieleza kwamba ndege hawa wako hatarini kutoweka, ni wachache, na wanafuatiliwa kwa karibu kiasi kwamba kila aliyechanjwa ataonekana yuko wapi. Ile namba ya bawani tena.

Hawakukimbilia kumchoma kondori sindano. Walianza na tumbusi weusi, ndugu wa karibu wasio haba porini, kwenye kituo kimoja cha North Carolina, kuona kama chanjo ina madhara. Chanjo yenyewe ni ya kirusi kilichouawa, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku. Tumbusi wakabaki wazima. Julai 2023 wakaanza kondori wa vizimbani, na majibu ya damu ya kundi la kwanza yalionyesha kuwa asilimia 60 walitengeneza kingamwili za kiwango kinachotarajiwa kuwapunguzia hatari ya kufa. Angalia lugha hiyo: kupunguza hatari ya kufa. Hakuna aliyeahidi kuwa hawataambukizwa. Baada ya hapo wakachanjwa waliosubiri kuachiliwa, na wa porini kila wanaponaswa kwa kipimo cha risasi.

Watu wanaouliza “kwa nini wasichanje ndege wote wa porini” wanasahau kwamba chanjo hii ni ya sindano. Mtu lazima amshike ndege. Kuku wangu wa kijijini, ambao wanalala jikoni kwa mwenyewe, kuwakusanya wote asubuhi moja ni vita. Buabua anayepita Ziwa Viktoria akitoka Ulaya na Asia utamshikia wapi?

Na buabua nimemtaja kwa makusudi. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege, wakati huo aina ya H5N8, baada ya buabua wenye mabawa meupe kuonekana wakifa kwa wingi kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe. Kirusi kikapatikana pia kwa kuku na bata wa kufugwa upande wa Masaka. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Nakumbuka wafanyabiashara walivyolalamika, na nakumbuka kwamba karibu mazungumzo yote yalihusu kuku, mayai na vifaranga. Buabua wakatajwa kama waleta ugonjwa. Kwamba nao walikuwa wagonjwa, na kwamba Lutembe ni eneo oevu linalotambuliwa kimataifa kwa ajili ya ndege haohao, lilibaki jambo la wapenda ndege.

Tumbusi wetu nao hawako mbali na kisa hiki. Mwaka 2006 huko Burkina Faso H5N1 ilipatikana kwa tumbusi wale wadogo wanaozunguka machinjio na majalala ya miji. Huku Afrika Mashariki, ukikuta tumbusi kumi wamelala kuuzunguka mzoga wa ng’ombe, unasema nini? Sumu. Mfugaji kaliwa ng’ombe na simba, kapaka dawa mzoga. Na mara nyingi utakuwa umesema kweli, kama wale wa Arizona na risasi yao, kama yule mama na kideri chake. Ninachosema ni kwamba kwenye mzoga wa namna hiyo, kupangusa koo na njia ya haja kwa pamba, kupata sampuli ya maabara, ni kazi ya dakika mbili, na isifanywe kwa mikono mitupu.

Turudi kwa paka chini ya uchanja, maana nimemwacha anatafuna. Wiki hizohizo kondori walipokuwa wanakufa, huko Oshawa, Kanada, mbwa wa nyumbani alitafuna bata bukini wa porini, akaugua, akafa; vipimo vikaonyesha H5N1. Mbwa kwa kawaida hustahimili kuliko paka. Paka ndiye wa kuogopewa. Juni mwaka huohuo paka walikufa sehemu nyingi za Polandi. Mwaka 2024 kwenye shamba moja la maziwa huko Texas paka wapatao 24 walikunywa maziwa mabichi ya ng’ombe wagonjwa, na nusu yao au zaidi wakafa. Na kama mtu anadhani ni kwa sababu paka ni mdogo, Oktoba 2004 kwenye bustani moja ya wanyama nchini Thailand, mkoa wa Chonburi, chui milia 441 walikuwa wakilishwa kuku wabichi. Waliokufa au kuuawa ili kuzuia maambukizi walikuwa 147.

Kwa hiyo ushauri ninaoutoa sasa ninapoingia uwanjani ni mfupi kuliko somo langu la zamani. Kuku aliyekufa mwenyewe haliwi, hauzwi, hapewi paka wala mbwa. Anafukiwa shimo refu au anachomwa. Utumbo wa kuku mzima uliyemchinja, kama lazima paka aupate, uchemshwe hadi uive. Bata wasichanganywe na kuku, na wasiachwe waogelee kwenye dimbwi wanapotua ndege wa porini. Ukiokota ndege wa mwituni aliyekufa, usimshike na usimwache mtoto amshike. Piga simu kwa bwana mifugo, hata kama ni njiwa. Wakifa wengi kwa siku chache, usiniambie ni kideri. Niambie wamekufa wangapi na tangu lini, jina tutalitafuta wote.

Mama yule nilirudi kwake. Alinisikiliza, kisha akasema, “Sasa daktari, paka si atakufa njaa?” Nikamwambia amchemshie. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ampikie mgeni wa pili.

Nimeacha kiota kimoja hewani. Miongoni mwa walioathirika walikuwa jozi moja yenye yai. Jike alikufa kwa mafua. Dume alikuwa anaumwa, na kondori hulalia kwa zamu, kwa hiyo alibaki na zamu zote. Tarehe 17 Aprili 2023 walinzi waliamua kulichukua lile yai, ili naye apate nafasi ya kujiokoa mwenyewe. Likapelekwa Phoenix, likaingizwa kwenye mashine ya kutotolea. Kifaranga alikuwa amekaa vibaya ndani ya ganda, ikabidi asaidiwe kutoka. Akatoka tarehe 9 Mei. Alipimwa, hakuwa na kirusi. Wakamwita Milagra, kutokana na neno la Kihispania la muujiza, ingawa kwenye daftari yeye ni namba 1221. Akapelekwa Boise, Idaho, akalelewa na kondori wa kulea ili asije akawazoea watu.

Tarehe 28 Septemba 2024 aliachiliwa Vermilion Cliffs, kwenye majabali ya kundi la mama yake. Tangu siku hiyo yumo kwenye orodha ya mtego: atanaswa kama wenzake, atatolewa damu, na kitu cha kwanza kitakachopimwa kwenye damu hiyo ni risasi.